Kuti la katikati limeng'oka mkononi: mtende wangu umekufa?

*"Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Reading, Uingereza. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kwenye duka la bustani mtende mkubwa kiasi. Makuti yake yanafanana na ya mnazi, ila yana miiba mikali upande wa chini. Tuliupanda mwezi wa kumi uliopita nyuma ya nyumba. Januari hii jalidi ilipiga karibu wiki nzima, kipimajoto changu kikasoma 7 chini ya sifuri. Sasa ni Machi. Makuti yote ya nje yamegeuka kahawia, na nilipolivuta kuti changa la katikati likatoka lote, chini limeoza na linanuka. Mume wangu anataka kuung'oa. Mama kanishauri kwa simu nitie chumvi kileleni kama wanavyofanya kwa minazi. Kinachoniuma ni kwamba rafiki yangu wa Torquay ana minazi miwili mbele ya nyumba, haifuniki na haina tatizo. Je, wangu umekufa? Na kama umekufa, kuna wa jamii hiyo unaoweza kuishi huku, au niache tamaa?"*

Dada yangu, mwambie shemeji aweke sepetu chini kwanza. Kuti la katikati likitoka namna hiyo hali ni mbaya, sitakuficha, lakini mtende uliofikia hapo bado unaweza kurudi, na hutajua wako uko upande gani hadi katikati ya majira ya joto. Wiki hii kuna kazi ya kufanya, nayo haiwezi kusubiri. Chumvi usitie. Nitafika huko.

Tuanze na mti wenyewe. Kwa jinsi ulivyoieleza ile miiba chini ya makuti, huo ni mtende wa Visiwa vya Kanari, kwa jina la kitaalamu Phoenix canariensis. Ni ndugu wa mtende wa Oman unaozaa tende, na ni ndugu vilevile wa mkindu wetu wa pwani, ule wa kusukia mikeka. Visiwa vya Kanari viko Atlantiki, mkabala wa pwani ya Moroko, na kwenye miteremko ya chini unakoota mtende huu jalidi haijulikani. Maduka ya Uingereza yanaujaza kwa sababu unakua haraka kwenye vitalu vya Uhispania na Italia, kwa hiyo kwa bei ndogo unapata mti mkubwa wa kupendeza. Hakuna aliyekudanganya. Ila hukuambiwa kwamba Reading, bara, mbali na bahari, mtende huu ni bahati nasibu kila baridi inapoingia.

Na minazi ya rafiki yako? Sijaiona, lakini mnazi hauishi nje Uingereza, hata huko Torquay kwenye bahari yenye uvuguvugu. Joto likishuka chini ya digrii 15 hivi mnazi huacha kukua, na jalidi huumaliza. Mwambie rafiki yako akutumie picha ya jani moja. Ukiona ni jani refu jembamba kama upanga, bila uti wa katikati wenye vijani pande mbili kama kuti, basi ni Cordyline australis kutoka New Zealand. Watu wa pwani ile wenyewe huuita mtende, lakini si wa jamii hii kabisa. Uko karibu zaidi na asparaga. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwako. Cordyline ina machipukizi chini ya ardhi. Desemba ya 2010, iliyokuwa Desemba ya baridi kuliko zote Uingereza tangu takwimu za taifa zilipoanza 1910, miti hiyo ililainika ikaanguka katika bustani nyingi, na mwaka uliofuata mingi ikachipua upya kutoka kwenye kisiki. Mtende wako hauwezi kufanya hivyo, na hapo ndipo penye kiini cha jibu langu.

Wewe wa Tanga huhitaji kuelezwa habari za moyo wa mnazi, shaha, kile kitu cheupe kitamu kinachotolewa kileleni mti ukiangushwa. Unajua pia kwamba ukiutoa moyo huo, mnazi umekwisha, hata kama shina lake lina mita ishirini na halina kovu. Mtende wako umeumbwa vivyo hivyo. Una sehemu moja tu ya kukua, juu, katikati, na kila kuti na kila ua hutengenezwa hapo. Hauna macho ya pembeni ya kuchipua ukiumia. Hauna hata ule utando hai chini ya gome ambao mwembe hutumia kuongeza unene na kuziba majeraha. Mishipa ya maji kwenye shina la mtende hutengenezwa mara moja, na ndiyo hiyo hiyo hadi mwisho. Kwa hiyo makuti ya kahawia yanayokutia uchungu kila ukichungulia dirishani si ya kuyahukumia mti. Makuti huja mengine. Swali ni moja tu: moyo uko hai?

Jalidi inapopiga, maji yaliyo kati ya seli ndiyo huganda kwanza, na barafu hiyo huanza kunyonya maji kutoka ndani ya seli zenyewe. Zikikaukiwa kupita kiasi, ngozi zake huchanika, na kunapoyeyuka unabaki na nyama laini isiyo na uhai. Sehemu laini kuliko zote ni kitako cha kuti changa lisilofunguka, maana limejaa maji na halijakomaa. Moyo wenyewe uko chini zaidi, umezungukwa na vitako vya makuti tabaka juu ya tabaka, na baridi huufikia mwisho. Ndiyo maana mara nyingi kuti la katikati hufa huku moyo ulio chini yake ukiwa mzima.

Halafu inakuja mvua. Kilele cha mtende hukusanya maji, na maji yakituama juu ya nyama iliyokufa, kuvu na bakteria huingia na kuanza kushuka. Huku kwenye digrii 6 au 8 za Februari mti umelala, hauna nguvu ya kusukuma kuti jipya wala kujitetea, lakini uozo haulali. Katika mitende niliyoletewa ikiwa katika hali kama ya wako, mara nyingi baridi ndiyo iliyofungua mlango tu. Unyevu ndio ulioua, wiki kadhaa baadaye, wakati mwenye mti akishukuru kwamba baridi imepita. Harufu uliyoisikia ni kazi inayoendelea sasa hivi.

Basi fanya hivi. Vaa glavu nene na miwani, maana miiba hiyo ni hatari kweli. Chungulia kwa tochi shimo lilipotoka kuti. Makuti ya jirani yanayotoka kwa kuvutwa taratibu yatoe pia, yanayokataa yaache. Funga kitambaa kikavu kwenye kijiti, ukishushe, ufyonze maji na uchafu wote, urudie hadi kitoke kikavu. Wakulima wengi wa mitende wa Ulaya humimina hapo haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa, mpaka povu liishe, na hurudia baada ya siku kadhaa. Husafisha vizuri, ila usiipe sifa ya kufufua. Faida kubwa inatokana na ukavu. Ukitaka dawa ya kuvu ya dukani, soma lebo kwanza uone kama inaruhusiwa kwa mimea ya nyumbani nchini mwako, kwani nyingi za zamani zimeondolewa.

Kisha weka paa. Ubao mdogo au kipande cha plastiki ngumu juu ya vijiti vinne, mvua isiingie kileleni lakini upepo upite pande zote. Usikifunge kilele kwa mfuko wa plastiki, kwa sababu jasho litakalokaa ndani litaozesha zaidi ya mvua. Paa likae hadi mwisho wa Mei. Mbolea usitie kabisa hadi uone ukuaji, na maji umwagie udongo tu, ukikauka.

Kuna njia rahisi ya kujua kama moyo unafanya kazi. Jani jipya likianza kuonekana ndani ya shimo, au hata kipande cha kitako chake, chora kwa kalamu ya wino usiofutika mstari mmoja wa kulala unaopita juu ya kipande hicho na juu ya kitako cha kuti kongwe kilicho jirani. Kuti kongwe halisogei. Ukirudi baada ya wiki tatu za joto na kukuta mistari imeachana, hata kwa upana wa ukucha, mti uko hai. Makuti ya kwanza yatatoka vibaya: yamekatika nusu, yamejikunja, ncha zimeungua. Usiyakate. Hayo yaliumia yakiwa bado ndani, na sehemu yake ya kijani ndiyo chakula cha kwanza cha mti unaopona.

Vivyo hivyo na makuti ya nje. Kama kuna lenye ukijani wowote karibu na shina, liache. Mtende ukikosa potasiamu huivuta kutoka makuti ya zamani kupeleka kwa mapya. Ukiyakata mapema kwa ajili ya usafi, unaunyang'anya akiba yake. Yaliyokauka kabisa yapunguze Mei.

Mama hajakosea kuhusu chumvi, na mpe heshima yake. Mnazi unahitaji kloridi, na minazi iliyo mbali na bahari huonyesha faida ikitiwa chumvi kidogo. Lakini ni kwa mnazi ulio mzima, na ni lishe. Juu ya kidonda kibichi cha mtende huu chumvi itafyonza maji kutoka seli zilizobaki hai, jambo lile lile barafu ililokwisha kulifanya, na ikishuka kwenye udongo itaumiza mizizi.

Sasa sehemu ya pili: kama umekufa, upande nini?

Lebo za dukani huandika namba moja tu, "hustahimili hadi digrii 8 chini ya sifuri", na watu huisoma kama ahadi. Namba hiyo ni ya mti uliokomaa, wenye mizizi iliyoshika, kwa saa chache za usiku, kukiwa kukavu. Mche mdogo hauna uwezo huo. Mti ulio kwenye chungu hauna, kwa sababu mizizi ni dhaifu kwa baridi kuliko kilele, na kwenye chungu baridi huipata pande zote. Na usiku mmoja wa 7 chini ya sifuri unaofuatwa na mchana wa jua si sawa na siku sita ambazo barafu haikuyeyuka kileleni. Mtende wa Kanari huanza kuungua makuti kwenye 5 au 6 chini ya sifuri. Kwa hiyo wiki yako ya Januari ilikuwa imevuka mpaka wake tayari, na wako ulipandwa mwezi wa kumi, wakati udongo unapoa. Mizizi ya mitende hukua udongo ukiwa na joto. Baridi yake ya kwanza uliikabili ukiwa bado na mizizi ya chunguni.

Kwa bustani ya Reading nakushauri Trachycarpus fortunei, na nakushauri bila kusitasita. Majani yake yana umbo la kipepeo cha kujipepea, yaliyo wazi kama ya mvumo, na shina lake limevikwa nyuzi za kahawia ambazo ukizishika utasema ni kilifu cha mnazi. China na Japani wamezitumia nyuzi hizo kwa kamba, mafagio na mavazi ya mvua. Robert Fortune, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, aliuona kisiwani Zhoushan miaka ya 1840 na kupeleka Uingereza miche iliyofika bustani ya Kew mwaka 1849. Jina lake la pili ni kumbukumbu yake. Mti uliokomaa hupita 12 chini ya sifuri bila taabu, na ipo iliyopona 15. Lakini kinachonifanya niupende kwa Uingereza si namba hiyo. Ni kwamba unakua hata majira ya joto yakiwa ya mawingu na digrii 18.

Hapo wengi hukosea. Wakisoma kwamba Rhapidophyllum hystrix wa kusini-mashariki mwa Marekani hustahimili hata 20 chini ya sifuri, wanauagiza kwa gharama kubwa. Ni kweli ndiyo sugu kuliko yote kwa baridi. Ila kwao Georgia na Florida majira ya joto ni jasho usiku na mchana, na bila joto hilo hukaa tu, jani moja kwa mwaka, usipate nguvu ya kurudisha ulichopoteza. Sabal minor ni hivyo hivyo. Kwa mtu wa New Jersey ni chaguo zuri. Kwa Reading, hapana.

Upepo ukiwa mkali nyuma ya nyumba yako, tafuta aina ya Trachycarpus yenye majani madogo magumu iitwayo wagnerianus, kwani ile ya kawaida hupasuka majani ikaonekana chakavu. Nafasi ikiwa ndogo, kuna Chamaerops humilis wa Mediterania, mfupi, unaotoa mashina mengi kutoka chini. Kila shina lina moyo wake, kwa hiyo moja likifa mengine hubaki. Huo unataka jua na udongo usiotuamisha maji, na 10 chini ya sifuri ndiyo mwisho wake.

Najua utasema: hakuna hata mmoja kati ya hiyo wenye kuti la mnazi. Ni kweli, na sitaki ununue ukiwa na matumaini ya kitu kingine. Wenye kuti la umbo la unyoya, kama la mnazi, unaokaribia kuishi huko ni Butia odorata wa kusini mwa Brazili na Uruguay, na Jubaea chilensis wa Chile. Yote miwili hupona karibu na 10 chini ya sifuri ikiwa mikavu, na yote huchukia mvua baridi. Jubaea hukua polepole mno. Kama moyo wako uko kwenye umbo lile la nyumbani na uko tayari kuweka paa kila Novemba, jaribu Butia karibu na ukuta. Kama hutaki kazi hiyo, panda Trachycarpus.

Nikiwa bado kwenye ushauri, neno kwa walioko Uswisi: msiufuate. Jimbo la Ticino mtende huu umeingia msituni na kuota wenyewe, na tangu Septemba 2024 kuuuza nchini humo ni marufuku.

Panda Mei au Juni. Chagua mahali penye ukuta wa kusini au magharibi, pasipopigwa na upepo wa mashariki, maana huo ndio unaoleta baridi ya bara la Ulaya. Shimo liwe pana, kina kisizidi cha chungu. Usiweke kokoto chini eti maji yapite: kwenye udongo wa mfinyanzi shimo linageuka beseni, na mizizi inakaa ndani ya maji. Badala yake inua tuta la sentimita 20 au 30, upande juu yake. Mbolea yenye potasiamu na magnesiamu itoe Aprili hadi Julai, halafu uache, ili mti usiingie baridi na makuti machanga.

Trachycarpus ukishashika, baridi nyingi za Reading hautataka chochote. Ikitabiriwa wiki ya 6 chini ya sifuri na kushuka, na hasa miaka miwili ya kwanza, yafunge makuti juu kwa kamba, tia nyasi kavu kileleni, uzungushie kile kitambaa cheupe chepesi cha kukingia mimea. Barafu ikiyeyuka fungua siku hiyo hiyo. Wengi hufunga Novemba wakafungua Machi, na ndani wakakuta uozo.

Yapo mambo yasiyofaa kuamuliwa kwa maandishi. Ukibonyeza shina kwa dole gumba likabonyea, au mti ukayumba ukiusukuma, uozo umeshuka, na kwa mti mkubwa karibu na nyumba au uzio mwite mkata miti mwenye bima auone. Ukiona matundu kileleni, unga kama wa msumeno, au majani ya kipepeo yenye vitobo vilivyojipanga, usiusogeze mti wala usimpe mtu makuti yake. Watu wa pwani tunamjua chonga, yule mdudu anayetoboa minazi. Ulaya kuna fukusi mwekundu aliyeangamiza mitende ya Kanari kote Mediterania, na kuna nondo aitwaye Paysandisia archon ambaye kiwavi wake hula Trachycarpus na Chamaerops. Hao taarifa zao hupelekwa kwa mamlaka ya afya ya mimea. Na ukichomwa na mwiba wa mtende huo karibu na kifundo, halafu kikavimba au kikakaza, nenda kwa daktari na umwambie ni mwiba wa mtende, kwa sababu kipande kikibaki ndani ya kifundo huleta uvimbe usioisha.

Ikifika katikati ya Julai, hakuna kipande cha kijani, mstari haujasogea na kilele bado kinanuka, hapo mwambie shemeji achukue sepetu lake. Udongo utakuwa bado na joto la kutosha kuupokea Trachycarpus wiki hiyo hiyo, hatua chache kando ya shimo la zamani.